Sharon Bascovsky na bendi ya Derketa

Derketa ni bendi ya deth metali, aina ya roki yenye magitaa mazito na uimbaji wa kunguruma. Iliundwa mwaka 1988 mjini Pittsburgh, Marekani, na Sharon Bascovsky, mpiga gitaa na mwimbaji, pamoja na mpiga dramu Terri Heggen. Hutajwa miongoni mwa bendi za mwanzo za muziki huo kuundwa na wanawake pekee. Kazi zao zilienea chinichini kwa kanda, mashabiki wakitumiana kwa posta. Wenzake walikuja na kuondoka, bendi ikasimama na kurudi, naye hakuachia usukani. Albamu yao ya kwanza kamili, In Death We Meet, ilitoka 2012, baada ya miaka 24. Kweli, subira yavuta heri.