Sigara za kielektroniki na vifo vya mapafu: nini hasa kiliua mwaka 2019?

Mama mmoja wa Bwejuu, mkulima wa mwani, alitupigia simu akiwa na swali. Kijana wake anafanya kazi hotelini na amevuta sigara tangu alipokuwa skuli. Karibuni aliacha sigara za kawaida akahamia kwenye sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wengi huiita vepu. Kisha akatumiwa ujumbe kwenye simu: picha ya mapafu meusi, na maneno kwamba vijana wengi Marekani wamekufa kwa kuvuta vifaa hivyo. Akakitupa kifaa chake, na jioni ile ile akaenda dukani kununua pakiti ya sigara. Mama anataka kujua kama mwanawe alifanya sawa.

Tumeona swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ujumbe kama huo bado unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na wengi huupeleka mbele bila kuuliza.

Jibu kwa ufupi

Vifo hivyo vilitokea kweli, mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020. Lakini uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kikubwa hakikuwa sigara za kielektroniki za kawaida zenye nikotini. Kilikuwa mafuta yaliyochanganywa kwa siri kwenye vichupa vya bangi vilivyouzwa kimagendo. Hii haina maana kwamba sigara za kielektroniki ni salama. Ina maana kwamba kijana aliyezikimbia na kurudi kwenye sigara ya moto ameikwepa khatari ndogo na kuifuata kubwa.

Kilichotokea Marekani

Katikati ya mwaka 2019, madaktari katika majimbo ya Wisconsin na Illinois walianza kupokea vijana waliokuwa na afya njema siku chache kabla. Walikuwa wanakohoa, wanashindwa kupumua, wana homa, na wengine wanatapika. Dawa za kuua vijidudu hazikuwasaidia. Kitu walichofanana ni kwamba wote walikuwa wamevuta kitu kupitia kifaa cha kielektroniki.

Wagonjwa waliongezeka haraka na kufikia kilele mwezi Septemba 2019. Ugonjwa ukapewa jina la EVALI, ambalo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya madhara ya mapafu yanayohusishwa na matumizi ya sigara za kielektroniki. Hadi tarehe 18 Februari 2020, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa hospitalini au kufariki. Waliofariki walikuwa 68. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 24 au chini ya hapo.

Hofu ilikuwa kubwa, na serikali zilichukua hatua. Tarehe 24 Septemba 2019 jimbo la Massachusetts lilisimamisha uuzaji wa vifaa vyote vya aina hii. Mwezi huo huo India ilipiga marufuku sigara za kielektroniki nchi nzima. Hapa Afrika Mashariki, Uganda ilikuwa imekwishazikataza kabla, kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015.

Wachunguzi walikuta nini

Jambo la kwanza lililowashangaza wataalamu ni wakati. Sigara za kielektroniki zilikuwa zikiuzwa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, na Uingereza zilikuwa na watumiaji mamilioni. Kama kifaa chenyewe ndicho kilichoua kwa namna hii, kwa nini wagonjwa watokee kwa wingi mwaka 2019, na karibu wote katika nchi moja? Ilionekana wazi kuwa kuna kitu kipya kilichoingia sokoni.

Wachunguzi wakaanza kuwauliza wagonjwa walichovuta. Kati ya wale ambao taarifa zao zilipatikana, asilimia 82 walikiri kuvuta THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya. Wengi wao hawakununua katika maduka yenye leseni. Walipata kwa marafiki, kwa jamaa au kwa wauzaji wa mitaani.

Ushahidi mzito ulitoka ndani ya mapafu yenyewe. Madaktari huingiza maji kidogo ya chumvi ndani ya pafu, kisha huyavuta tena ili yapimwe. Katika utafiti uliotangazwa Desemba 2019, walipima maji hayo kutoka kwa wagonjwa 51 wa majimbo 16. Kwa wagonjwa 48 kati yao walikuta kitu kimoja: asetati ya vitamini E, ambayo ni mafuta. Kisha wakapima watu 99 wasiokuwa na ugonjwa huo, wakiwemo wavutaji wa sigara za kawaida na watumiaji wa sigara za kielektroniki. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na mafuta hayo.

Mafuta ya vitamini yaliingiaje kwenye mapafu?

Kwa udanganyifu wa biashara. Mafuta ya bangi ni ghali. Mafuta ya vitamini E ni ya bei nafuu, hayana harufu kali, na kwa rangi na uzito yanafanana nayo. Muuzaji wa magendo akichanganya, mnunuzi haoni tofauti. Ni mchezo ule ule wa anayetia maji kwenye maziwa, ila huu uliua watu.

Vitamini E ukiila au ukijipaka mwilini kwa kawaida haina taabu. Lakini kinachofaa tumboni au kwenye ngozi si lazima kifae kwenye pafu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo: maji tunayakunywa kila siku, lakini yakiingia kwenye mapafu mtu huzama. Pafu limeumbwa kwa ajili ya hewa. Mafuta yakipashwa moto na kuvutwa ndani huharibu sehemu laini zinazopitisha hewa kwenda kwenye damu.

Kimiminika cha nikotini cha kawaida hutengenezwa kwa njia nyingine. Huwa na glisirini na propilini glaikoli, vitu vinavyochanganyika na maji, na mafuta ya vitamini E hayachanganyiki navyo vizuri. Ndiyo maana tatizo lilikaa zaidi upande wa bangi.

Tuseme pia lile ambalo halikufungwa kabisa. Asilimia 14 ya wagonjwa walisema walivuta nikotini peke yake. Baadhi yao huenda waliogopa kutaja bangi, lakini haiwezekani kusema wote walificha. CDC yenyewe ilisema kemikali nyingine hazikuweza kuondolewa kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Hata hivyo, Januari 2020 taasisi hiyo iliacha ushauri wake wa awali uliowataka watu wazima waepuke sigara zote za kielektroniki kwa sababu ya ugonjwa huu, ikaweka mkazo kwenye bidhaa za bangi, hasa zile za mitaani.

Habari zilipotea wapi?

Hatusemi waandishi walidanganya. Watu walikuwa wanakufa na chanzo kilikuwa hakijajulikana. Lakini mambo matatu yaliwapotosha wasomaji na wasikilizaji.

Kwanza ni jina. Neno moja lilitumika kwa kifaa cha nikotini kilichonunuliwa dukani na kwa kichupa cha bangi kilichonunuliwa uchochoroni. Hata jina la ugonjwa lilitaja kifaa, halikutaja kilichokuwa ndani yake.

Pili ni siri. Katika majimbo mengi bangi ilikuwa haramu kisheria, na mgonjwa kijana, mzazi wake akiwa kando ya kitanda, hakuwa mwepesi wa kusema alichovuta.

Tatu ni kasi. Habari ya vifo ilienea dunia nzima kwa siku chache. Habari ya chanzo ilikuja miezi baadaye, na ilisomwa na wachache. Ndiyo maana Bwejuu leo kuna aliyepata ile ya kwanza bila kupata ya pili.

Mfano wa nyumbani

Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na watu wengine 78 walilazwa hospitalini, baada ya kula nyama ya kasa. Msiba huo tunaukumbuka sote.

Sasa fikiria kama taarifa zingesema tu kwamba chakula cha baharini kimeua watu tisa Pemba. Lisingekuwa neno la uongo, kwa sababu kasa anatoka baharini. Lakini mtu angeweza kuacha samaki, pweza na dagaa, akaendelea kumla kasa kwa kutojua. Onyo lililofaa lilikuwa moja: msile nyama ya kasa.

Habari za 2019 zilihitaji usahihi kama huo. Kwa yule aliyekuwa anavuta vichupa vya bangi vya mitaani, onyo la kuogopa sigara za kielektroniki kwa jumla halikumwambia khatari yake ilikuwa wapi.

Kwa hiyo sigara za kielektroniki ni salama?

Hapana. Nyingi zina nikotini, na nikotini humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Kwa watoto na vijana ni mbaya zaidi kwa sababu ubongo wao bado unakua. Mvuke wake una kemikali zinazoweza kudhuru, na madhara ya kuuvuta kwa miaka mingi bado yanachunguzwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema wazi kwamba vifaa hivi si salama, na linazitaka serikali ziwakinge watoto. Ladha za matunda na peremende huwavutia hata wasiowahi kugusa sigara.

Lakini khatari zina viwango. Madhara mengi ya sigara ya kawaida yanatokana na kuungua kwa tumbaku, kunakotoa lami na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kwa hesabu za WHO, tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Huko Marekani kwenyewe, ambako EVALI iliua watu 68, sigara huua zaidi ya watu 480,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 1,300 kila siku. Vifo hivyo havipati nafasi kwenye habari kwa sababu vimezoeleka.

Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wavutaji watu wazima kwamba kuhamia sigara za kielektroniki kuna madhara machache kuliko kuendelea na sigara, na papo hapo huwaambia wasiovuta wasizianze. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Maswali ya kuuliza habari ya namna hii ikikufikia

- Ni ya lini? Ujumbe wa 2019 unaweza kukufikia leo kama kwamba umeandikwa jana.
- Kilichoua ni kifaa, au ni kitu kilichotiwa ndani yake?
- Kinachosemwa ni kwamba kimesababisha, au kwamba kinahusishwa? Kuhusishwa ni mwanzo wa uchunguzi, si hukumu.
- Ni watu wangapi, na kati ya wangapi?
- Ukikimbia kitu hiki, unakimbilia wapi? Kama unakimbilia kwenye kitu kibaya zaidi, habari haijakusaidia.
- Nani amethibitisha? Picha ya mapafu meusi bila jina la hospitali wala tarehe si ushahidi.

Kuhusu kifua chako

Maradhi ya mapafu katika vijiji vyetu yana sababu nyingi. Mwanamke anayepika kwa kuni au makumbi ndani ya jiko lisilo na madirisha anavuta moshi kila siku ingawa hajawahi kushika sigara. WHO inakadiria kuwa moshi wa majumbani huua karibu watu milioni 3 kwa mwaka duniani. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukapungua uzito, ukatokwa na jasho usiku au ukatema damu, nenda kituo cha afya upimwe. Upimaji na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Ukishindwa kupumua ghafla au ukipata maumivu makali ya kifua, usisubiri asubuhi.

Na ukifika mbele ya daktari, mwambie kweli ulichovuta, iwe sigara, shisha, vepu au bangi. Tulivyoona Marekani, ukimya wa wagonjwa ulichelewesha kujulikana kwa chanzo, na wakati huo watu waliendelea kufa. Mficha uchi hazai.

Kwa yule kijana wa Bwejuu

Kuacha kifaa kile hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwenda dukani jioni ile. Lililo bora kwake ni kuacha vyote viwili, na hilo si jepesi kwa mtu aliyevuta tangu skuli, kwa hiyo asilaumiwe na wala asifanyiwe mzaha. Aende kituo cha afya kilicho karibu akaombe ushauri. Asikubali kamwe kichupa kisichojulikana kilichotoka kwa nani, hata akipewa bure na mgeni ufukweni. Na ujumbe ule uliomtisha, tunamwomba asiupeleke mbele kama ulivyo. Akiupeleka, aongeze sehemu iliyokosekana: kilichoua wengi wao kilikuwa ndani ya kichupa.