Mtu wa Shule Apiga Hodi

Leo tumekusudia kuwasimulia habari za nchi ya mbali, Uingereza, nasi twajua yuko atakayeuliza, “Hayo yatuhusu nini?” Subiri kidogo, ndugu yetu. Habari yenyewe ni ya mlango wa nyumba ya maskini, na ya mtu wa shule anayesimama mbele yake na kupiga hodi.

Siku hizi shule nyingi za msingi nchini Uingereza zina mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo. Yeye hafundishi hesabu wala kusoma. Kazi yake ni kumtambua mtoto ambaye mambo ya nyumbani yameanza kumlemea, kisha kuketi na wazazi wake mapema, jambo lingali dogo. Wenyewe huiita kazi ya “msaada wa mapema”. Wengi hudhani ilitungwa na wakubwa ofisini, lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi, na mzizi mmojawapo ni mfuko wa viazi.

Katika mji wa bandari wa Portsmouth alikuwako fundi viatu jina lake John Pounds, aliyezaliwa mwaka 1766. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuunda meli. Siku moja alianguka ndani ya shimo la kutengenezea meli, akawa kilema maisha yake yote. Basi akajifunza kushona viatu. Alimlea mtoto wa ndugu yake, akaanza kumfundisha kusoma, akaona ni afadhali mtoto apate wenzake. Akatoka kwenda kuwatafuta watoto waliozagaa karibu na bandari, wachafu na wenye njaa, huku amebeba viazi vya moto vilivyookwa. Aliyekubali kiazi alikubali na somo. Chumba chake kilikuwa kidogo mno, naye hakupokea malipo yoyote mpaka alipofariki mwaka 1839.

Tusimwache bila kueleza jinsi habari zake zilivyoenea. Mchungaji mmoja wa Scotland, Thomas Guthrie, alisimama kupumzika katika nyumba ya wageni huko Anstruther, akaona ukutani picha ya fundi viatu akiwa amezungukwa na watoto. Picha ile haikumpa amani. Mwaka 1847 akaanza katika mji wa Edinburgh shule za watoto wa matambara, kama walivyoziita, ambazo mtoto alipewa chakula, masomo na kazi ya mikono. Huko London chama cha shule za namna hiyo kilikuwa kimekwisha kuundwa mwaka 1844, na mwenye kiti wake alikuwa Lord Shaftesbury, Mkristo wa bidii na mtu wa Bunge. Utaona kwamba watu hawa wote walianza na tumbo la mtoto kabla ya kitabu. Bwana wetu naye, makutano walipochoka kule jangwani, hakuwaaga na tumbo tupu.

Mwaka 1870 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga shule kila mahali palipokosa shule, na mwaka 1880 ikawa ni lazima watoto wa miaka 5 hadi 10 waende. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Zamani njaa ya maskini ilikuwa imejificha vichochoroni. Sasa ililetwa darasani na kuketishwa kwenye dawati mbele ya mwalimu. Mtoto aliyesinzia hakuwa mvivu, maana hakula tangu jana. Aliyekosa siku ya Jumatatu alikuwa hana viatu, au viatu alikuwa amevivaa dada yake.

Serikali iliajiri watu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza mbona mtoto hakuja shule. Wazazi waliwaogopa, kwa sababu nyuma yao ilisimama mahakama na faini. Hata hivyo watu hawa waliyaona maisha ya maskini kuliko mtu ye yote mwingine. Charles Booth alipotaka kuchunguza umaskini wa London, kitabu chake cha kwanza kikitoka mwaka 1889, aliwaendea hao wageni wa shule akawauliza waliyoyaona, mtaa kwa mtaa. Sisi twasema kuna hodi za namna mbili. Iko hodi ya mtu aliyeshika karatasi ya mashtaka, na iko hodi ya mtu auulizaye mlango, “Hapa mna shida gani?” Uingereza ilichukua miaka mingi kutoka ile ya kwanza kufika ile ya pili, na hata leo si kila mahali imefika.

Mtu aliyeisukuma sana ni Margaret McMillan. Alizaliwa Marekani mwaka 1860, akakulia Inverness, kwa wazazi Waskoti. Alikuwa Mkristo aliyeamini kwamba Injili na hali ya mfanyakazi haviachani. Mwaka 1894 alichaguliwa kuingia katika halmashauri ya shule ya Bradford, mji wa viwanda vya sufu, ambako watoto wengine walifanya kazi kiwandani nusu ya siku na kusoma nusu iliyobaki. Walifika darasani wamechoka, nguo na miili yao vimejaa uchafu wa majira mazima ya baridi. Mama huyu alidai mabafu yajengwe shuleni. Watu wakacheka, wengine wakakasirika, wakasema shule ni mahali pa vitabu. Mwaka 1897 mabafu yalifunguliwa katika shule ya Wapping Road. Baada ya miaka miwili, pamoja na daktari James Kerr, watoto wa shule wakaanza kupimwa afya, jambo lisilozoeleka wakati ule.

Nchi nzima ilishtuka baadaye kidogo, tena kwa sababu ya vita. Vijana wengi walioandikishwa kwenda kupigana na Makaburu huko Afrika Kusini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Inasikitisha kwamba taifa la Kikristo liliona njaa ya watoto wake lilipohitaji askari. Walakini sheria ilikuja: mwaka 1906 halmashauri ziliruhusiwa kuwalisha watoto wenye njaa shuleni, na aliyeipigania sana Bungeni alikuwa Fred Jowett, mbunge wa Bradford. Mwaka uliofuata upimaji wa afya shuleni nao ukawa sheria.

Hapa tuwaombe mtege masikio vizuri. Mwaka 1907, kule Bradford, daktari Ralph Crowley aliwachagua watoto 40 hivi, wakalishwa chakula kizuri kuanzia Aprili hadi Julai, mezani, kwa vitambaa vya meza na kwa adabu. Kila juma waliwekwa kwenye mizani. Walinenepa. Kisha ikaja likizo, chakula kikasimama, na mizani ikashuka. Shule ilipofunguliwa ikapanda tena. Hakuna mahubiri yaliyowahi kusema waziwazi kama mizani ile.

Margaret alihamia London akaungana na dada yake Rachel, ambaye alikuwa mwalimu wa afya. Mwaka 1910 walifungua zahanati ya watoto wa shule katika mtaa wa Deptford. Walitibu masikio, macho, meno na vidonda. Lakini mtoto aliyepona alirudi baada ya majuma machache na kidonda kile kile, kwa sababu alirudi kulala katika chumba kile kile chenye unyevu na watu wengi. Wengine wangelaumu mama zao. Dada hawa walifungua kambi ya kulala watoto nje kwenye hewa safi mwaka 1911, na mwaka 1914 shule ya chekechea yenye bustani. Waliwakaribisha mama waingie, waone, wajifunze, na wao pia wafundishe. Rachel alifariki mwaka 1917, na shule ile ikachukua jina lake. Margaret aliendelea hadi mwaka 1931.

Wakati huo huo London ilikuwa na jeshi lingine lisilo na bunduki. Mama mmoja, Margaret Frere, aliyesaidia shule ya watoto maskini katika mtaa wa Seven Dials, aligundua kwamba kugawa viatu na tiketi za chakula bila kufika nyumbani ni kumwaga maji mchangani. Akaanza kuwatembelea wazazi. Kuanzia mwaka 1908 hivi baraza la London likaunda kamati za kuwaangalia watoto katika shule zake za msingi, na maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao akina mama, wakawa wakipanda ngazi za nyumba za maskini kwa zaidi ya miaka hamsini. Tusiwapambe kupita kiasi. Wako walioingia nyumba za watu wakiinua pua, wakachungulia sufuria za wenyewe na kutoa hukumu. Maskini humjua upesi mgeni aliyekuja kuhesabu makosa. Lakini wako pia waliorudi mwaka baada ya mwaka, wakajua majina ya watoto wote na siku ya baba kupata mshahara.

Baada ya vita kuu ya pili, chakula cha shule kikawa wajibu wa halmashauri kwa sheria ya mwaka 1944, na maziwa ya bure yakaanza mwaka 1946. (Wasikilizaji wetu waliokuwa shuleni hapa Kenya tangu mwaka 1979 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, nao wanajua mtoto hukimbilia shule kwa sababu gani.) Mwaka 1967 kamati ya Lady Plowden ikasema shule ya msingi iwafungulie wazazi mlango, wasisimamishwe langoni kama wageni.

Sasa twafika kwenye sehemu ngumu. Mwezi wa Januari 1973, katika mji wa Brighton, mtoto wa miaka 7, Maria Colwell, aliuawa na baba yake wa kambo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1974 ulionyesha kwamba majirani waliona na walimu waliona. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari mkononi, lakini vipande havikuunganishwa.

Kisha akaja Victoria Climbié, mtoto wa Kiafrika. Alizaliwa Ivory Coast mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ili akapate elimu Ulaya, kama wazazi wengi wa kwetu wafanyavyo kwa nia njema. Huko Ufaransa shule ilianza kuuliza kwa nini mtoto huyu hakosi kukosa. Muda mfupi baadaye, Aprili 1999, akavushwa hadi London, na huko hakuandikishwa katika shule yo yote. Fikirini, wapenzi: mtoto aliyetumwa kwa ajili ya shule hakuliona dawati. Hapakuwa na mwalimu wa kumwona asubuhi na kuuliza, “Mkono huu umefanya nini?” Alifariki tarehe 25 Februari 2000, mwili wake ukiwa na majeraha 128. Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi, alihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo watu wa serikali wangeweza kumwokoa.

Wala kanisa halikuwa mbali. Victoria alipelekwa makanisani London, na mchungaji mmoja aliamini kwamba shida ya mtoto ni pepo, akamwombea atolewe. Tunalitaja hili bila kuficha, kwa kuwa sisi tunaosikiliza na kuzungumza hapa ni watu wa makanisa. Maombi si badala ya macho. Yule Bwana aliyemsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi alitaka kwanza wamtazame.

Baada ya taarifa ya mwaka 2003 na sheria ya watoto ya mwaka 2004, mawazo yaligeuka. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro aliishauri serikali kwamba familia isaidiwe mapema, na mwongozo wa serikali wa mwaka 2013 ukalieleza jambo hilo kwa shule, hospitali na polisi pia. Kazi yenyewe huenda hivi. Mwalimu anaona mtoto amebadilika. Mtu wa shule anazungumza na mzazi, naye mzazi ana hiari ya kukubali au kukataa. Akikubali, huitwa mkutano mdogo wa mwalimu, muuguzi, labda mtu wa nyumba za kupanga, na mzazi mwenyewe yuko mezani. Mmoja wao huchaguliwa awe ndiye wa kuulizwa, ili mama asisimulie taabu yake kwa ofisi saba. Baada ya majuma kadhaa wanakutana tena kuona kama deni limepungua na kama mtoto analala. Ni kazi nzuri, lakini fedha zake zilikatwa sana baada ya mwaka 2010, na vituo vingi vya watoto wadogo vikafungwa. Mara nyingi mzigo umewaangukia walimu wenyewe.

Ile mizani ya Bradford nayo haijanyamaza. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wenye kula bure shuleni wakabaki nyumbani. Mchezaji mpira Marcus Rashford, ambaye mwenyewe alikula chakula cha shule alipokuwa mdogo, aliwaandikia wabunge barua, na mwezi wa Juni serikali ikakubali kuwalisha watoto hao wakati wa likizo ya kiangazi. Tangu zamani za daktari Crowley ilikuwa imepita miaka 113. Siku hizi, shule zikifungwa Julai, makanisa mengi ya huko hufungua kumbi zao, huwasha majiko, na kuweka vitambaa mezani.