Mashine ya Pumzi: Nani Apewe, Nani Aachishwe

Tangu enzi na enzi, pumzi ilipokatika tabibu alifunga mkoba wake na ndugu wakaanza kuandaa mazishi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1928 mjini Boston, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw walipounda kasha la chuma la kumpumulisha mgonjwa wa polio.

Mwaka 1952 polio iliikumba Copenhagen. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo walioshindwa kupumua, 27 walifariki. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa mapafuni. Kwa kuwa mashine hazikutosha, wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono. Vifo vikapungua sana, na wodi ya wagonjwa mahututi ikazaliwa.

Ndipo maswali yalipoanza. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12 aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba tiba zinazopita kiasi si wajibu. Huko Seattle, mwaka 1960, Belding Scribner alibuni mrija uliowezesha damu ya mgonjwa wa figo kusafishwa tena na tena kwa miaka. Wahitaji walizidi mashine za kusafishia damu, hivyo kamati ya watu saba ikaundwa kuchagua nani apewe nafasi. Walipima ndoa, kazi, hata kuhudhuria kanisani.

Baadaye likaja swali la pili: nani aachishwe? Mwaka 1968 jopo la Chuo Kikuu cha Harvard lilipendekeza kifo cha ubongo kihesabiwe kifo. Mwaka 1976 mahakama ya New Jersey ilimruhusu babake Karen Ann Quinlan, msichana aliyepoteza fahamu, kumwachisha binti yake mashine ya pumzi; binti huyo akaendelea kupumua mwenyewe hadi 1985. Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu mashine iondolewe pale ubongo wote ulipokufa, ingawa moyo ungali unadunda kwa msaada wake.

Kwetu Afrika Mashariki mashine zimefika, lakini kamati ya Seattle imerudi kwa sura ya bili. Ukoo huchangishana ili kulipia kitanda cha wodi ya wagonjwa mahututi (ICU), na mjadala huanza fedha zikikaribia kwisha. Tusipoyazungumza haya mapema, tukiwa wazima, uamuzi utafanywa na mhasibu kabla daktari, ndugu na shehe au padri hawajaketi pamoja.