Njia Panda ya Msimbazi na Uhuru



Nabii Zekaria, alipotaka kuwaonesha watu Yerusalemu iliyorejewa na Mungu, hakuanza na kuta wala malango. Alitaja wazee wenye mikongojo walioketi viwanjani, na watoto wakicheza humo humo (Zek 8:4-5). Tumelisoma fungu hilo huku tukiyawaza makutano ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Uhuru, ambapo mzee mwenye mkongojo husali kwanza ndipo avuke.

Mahali hapa pana historia yake. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu, na Waingereza wakaitimiza kazi hiyo kwa kuuacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja, uwatenge Wazungu na Wahindi na makazi ya Waafrika. Kwa hiyo uwanja mkubwa wa jirani yetu ulitengwa ili watu wasikutane! Hata hivyo watu walikutana: kando yake, katika mtaa ambao leo ni wa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na baada ya Uhuru mnara wa Mwenge ukasimamishwa pale pale. Mtaa wa Kichwele nao ukaitwa Uhuru.

Kariakoo yenyewe ni jina la wapagazi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, jengo la soko lililoachwa na Wajerumani likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita hiyo, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Soko likafunguliwa mwaka 1923. Askari alipewa sanamu mwaka 1927, katikati ya mzunguko wa magari. Mchukuzi akapewa mtaa wenye kelele. (Tunadhani mchukuzi ndiye aliyepata fungu jema, maana Askari hana wa kuzungumza naye.)

Ajabu ni kwamba mtaa uliobeba jina la watembea kwa miguu uliachiwa magari kwa miaka mingi. Daladala, mikokoteni, malori ya mizigo na wachuuzi viligombea nafasi moja, na aliye dhaifu ndiye aliyesukumwa pembeni. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016, Msimbazi ulipata njia zake katikati, vituo, na njia za waenda kwa miguu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nasi tunalishukuru. Lakini njia ya miguu isiyolindwa hugeuka upesi kuwa maegesho ya pikipiki na gulio. Mwezi Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani. Walioondolewa nao ni waamini wetu na majirani zetu, wenye watoto wa kulisha. Hatuwezi kuuita usalama mpango usiowahesabu.

Kinachowezekana kimekwisha kuonekana hapa hapa mjini. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend ulianza kwa shule za msingi za Dar es Salaam: matuta, vivuko, njia za miguu, vitu vya gharama ndogo vya kupunguza mwendo wa magari mbele ya watoto. Mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Makutano yetu yanastahili hayo, na zaidi ya hayo. Kivuko humwambia mtu apite. Benchi na kivuli humwambia akae, na penye watu walioketi dereva hupunguza mwendo mwenyewe. Wachuuzi wapewe ukingo wa kiwanja kwa mpangilio, wawe sehemu ya ulinzi wake.

Nani atatuchorea? Mtanzania Beda Amuli, msanifu wa soko jipya la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliinua juu ya wauzaji miavuli mikubwa ya zege, kana kwamba watu wangali wanauziana chini ya miti. Atakayeyapanga upya makutano ya Msimbazi na aanze kwa kuutazama mchoro ule, saa sita mchana, akiwa amesimama juani.