Kucheua si Kutapika

Mtoto wa miezi miwili amenyonya akashiba, amelazwa begani mwa mama yake, mara maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo hadi kwenye kitenge. Mtoto mwenyewe hana habari. Maneno matatu ya Kiswahili yanagombea tukio hilo: kutema, kutapika na kucheua. Mama wa Kamachumu au Bukoba mjini atakuambia mtoto anacheua. Mfasiri wa kijitabu cha afya, aliyeketi na kamusi mbali na mtoto yeyote, huangukia kutapika kwa urahisi. Makala haya yanatetea neno la mama. Neno hilo lina usahihi wa kitabibu ambao wenzake hawana, na mkoani Kagera tofauti kati ya mtoto anayecheua na mtoto anayetapika imewahi kuwa na bei kubwa.

Tuanze na kutema. Mtu hutema kwa hiari: mate, ganda la muwa, kokwa. Mtoto mchanga hajaamua lolote, kwa hiyo neno hili linaanguka mapema. Kutapika kuna nguvu ndani yake: kichefuchefu, tumbo kukaza, kitu kutoka kwa msukumo, na anayetapika huonekana wazi kwamba anateseka. Kucheua ni kurudi kinywani kwa kilichokwisha kumezwa, bila vurugu. Wafugaji wanalijua neno hili kwa ng'ombe aliyejilaza akitafuna tena majani aliyokula asubuhi, na wasomaji wa Biblia wamelikuta katika Walawi sura ya 11, panapotengwa wanyama wanaoliwa na wasioliwa. Ng'ombe anayecheua ni mzima. Anayeacha kucheua ndiye humtia mfugaji wasiwasi. Kwa hiyo neno lilipohamishiwa kwa mtoto lilikuja na dhana ya uzima ndani yake. Pembeni yake kuna mbweu, ambayo ni hewa tu, na kupaliwa, ambako ni maziwa kukosea njia na kuelekea kwenye koromeo la hewa. Haya yote hutokea kwenye kinywa kimoja, na kila moja lina jina lake.

Tofauti ya kucheua na kutapika haimo katika wingi wa maziwa. Imo katika namna mwili unavyofanya kazi. Kutapika huongozwa na ubongo: sehemu yake ya chini, karibu na uti wa mgongo, hutoa amri, kiwambo na misuli ya tumbo hukaza kwa pamoja, na kilichomo hufukuzwa. Katika kucheua hakuna amri hiyo. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaofunga mlango baada ya kumeza. Kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, msuli huo hulegea kwa muda mfupi mara kwa mara hata pasipo kumeza chochote. Mtu mzima hagutuki, kwa kuwa umio wake ni mrefu, amesimama au ameketi, na chakula chake ni kizito. Mtoto mchanga ana umio mfupi, tumbo dogo, chakula chake chote ni majimaji, na muda mwingi amelala. Mlango ukilegea kidogo, maziwa yanapanda.

Ndiyo maana kucheua kuna umri wake. Mwaka 1997 watafiti wa eneo la Chicago, Marekani, walichapisha majibu ya wazazi 948 wa watoto wenye afya. Nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu walicheua angalau mara moja kwa siku. Katika mwezi wa nne walifika asilimia 67, na ndicho kilele. Mwezi wa saba walibaki asilimia 21, na kati ya miezi kumi na kumi na miwili walikuwa asilimia 5 tu. Ukiiweka hesabu hiyo juu ya ratiba ya chanjo ya Tanzania, utaona jambo. Baada ya zile za kuzaliwa, chanjo hutolewa wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Kilele cha kucheua kinafuata mara tu baada ya sindano ya wiki ya kumi na nne, na ni rahisi mzazi kuitupia lawama sindano. Mtoto anaporudi kwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, anajua kukaa, anakula vyakula vizito, na tatizo limekwisha au linaelekea kwisha bila dawa.

Madaktari wanaotumia vigezo vya Roma, toleo la 2016, wana kipimo cha wazi: mtoto wa wiki tatu hadi miezi kumi na miwili, anayecheua mara mbili au zaidi kwa siku kwa wiki tatu au zaidi, asiyekokomoka, asiyetoa damu, asiyepaliwa hadi pumzi ikakatika, anayemeza vizuri na kuongezeka uzito. Huyo ana hali ya kawaida ya utoto.

Mambo mawili huwatisha akina mama wa watoto wa namna hii. La kwanza ni kiasi. Mimina kijiko kimoja cha chakula cha maziwa, yaani mililita 15, juu ya kanga, uone doa linavyotanda. Ungeapa kwamba mtoto ametoa mlo mzima. La pili ni mabonge na harufu ya uchachu. Hapo huzuka maneno kwamba maziwa ya mama yameharibika au mtoto amebemendwa. Maziwa yameganda kwa sababu yamekutana na asidi na vimeng'enya vya tumbo, ambayo ndiyo kazi ya tumbo. Isitoshe, maziwa ya mama huondoka tumboni upesi kuliko ya kopo, kwa hiyo kumwachisha mtoto ziwa kwa ajili ya kucheua ni kumwondolea kinachomfaa zaidi. Kumpa uji ili tumbo liwe zito nako ni kosa kabla ya miezi sita. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 64 ya watoto wa chini ya umri huo walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kijiko cha uji cha bibi mwenye huruma ni miongoni mwa vinavyopunguza hesabu hiyo.

Kutokana na kucheua tumepata kumcheulisha, yaani kumweka mtoto begani na kumpigapiga mgongoni. Wengi wanaamini kufanya hivyo huzuia maziwa kurudi. Jaribio lililofanywa Chandigarh, India, na kuchapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba watoto waliopigwapigwa mgongoni hawakupungukiwa na msokoto wa tumbo, na walicheua zaidi ya wenzao. Sarufi yetu ilisema kweli: kiambishi cha kusababisha kimesema kitakachotokea. Hakuna ubaya mtoto kutoa mbweu, ila mama asijilaumu mbweu isipokuja. Linalosaidia zaidi ni kumwacha wima kwa utulivu nusu saa hivi baada ya kunyonya, na kutomfunga mbeleko ya kubana tumbo mara tu aachapo ziwa. Kama maziwa yanatoka kwa kasi hadi mtoto anagugumia, mama aegemee nyuma ili maziwa yasimiminike. Usiku mtoto alazwe chali; kumlaza kifudifudi kwa kuhofia kucheua kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Sasa turudi kwenye kazi ya mfasiri, maana hospitalini atakutana na istilahi nyingine mbili. Rifluksi, neno lenye asili ya Kilatini ya kutiririka kurudi nyuma, ni kupanda kwa kilichomo tumboni kuingia kwenye umio, kifike kinywani kisifike. Kwa hiyo kila kucheua kunatokana na rifluksi, lakini rifluksi nyingi hazionekani kwa macho. Kuziita zote kucheua ni kupoteza tofauti hiyo. Heri kuacha rifluksi ibaki rifluksi, au iitwe mrejeo wa tumbo kwa wanaopenda neno la nyumbani. Istilahi ya pili ni ugonjwa wa rifluksi: mrejeo ule ule unapoleta madhara, kama vile umio kuchubuka, mtoto kulia na kujipinda mgongo kila anyonyapo, au uzito kusimama. Neno ugonjwa liwekwe hapo tu. Kiungulia kibaki kwa watu wazima, kwa kuwa ni mchomo anaousimulia mwenyewe, na mtoto mchanga hasimulii.

Na kutapika? Neno hili lihifadhiwe kwa ajili ya hatari. Katika mwongozo wa WHO na UNICEF wa kuwahudumia watoto wagonjwa, kutapika kila kitu ni miongoni mwa dalili kuu za hatari, pamoja na kushindwa kunyonya, degedege na kulegea au kupoteza fahamu. Mtoto wa wiki tatu hadi nane, mara nyingi wa kiume, anayetapika kwa kuruka mbali kila baada ya kunyonya kisha akadai ziwa tena kwa njaa, huenda njia ya kutokea tumboni imezibwa na msuli ulionenepa, na tiba yake ni upasuaji. Matapishi ya kijani ni nyongo. Huenda utumbo umejisokota, na saa chache ndizo zinazoamua. Kwa mtoto wa Muleba, mkoani Kagera, hiyo ina maana ya kuwahi hospitali ya Rubya, Kagondo au Ndolage mara moja, kwa kuwa huenda ikahitajika rufaa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, na safari hiyo ni ndefu. Kutapika pamoja na homa, katika mkoa wenye malaria, kunadai kipimo siku hiyo hiyo.

Kagera ilikwisha kuona kinachotokea dalili hizi zinapopewa jina lisilo lake. Mwaka 1992 mwanaanthropolojia Mmarekani Brad Weiss alichapisha makala kuhusu imani ya meno ya plastiki miongoni mwa Wahaya wa mkoa huo. Imani ya namna hiyo imeandikwa pia kwingine Tanzania na Uganda: mtoto mwenye homa, kuharisha, kutapika na kukataa ziwa hufunuliwa fizi, na uvimbe mweupe wa meno ambayo hayajaota, hasa chonge, huhesabiwa kuwa ndio ugonjwa. Mganga huyachimbua kwa chuma kisichochemshwa. Mtoto hutokwa na damu nyingi, hupata usaha, pengine pepopunda, na ugonjwa wenyewe unaendelea. Katika mazingira kama hayo, kuandika kwamba mtoto anayecheua anatapika ni kumwingiza mtoto mzima katika orodha ya wagonjwa, mbele ya watu wenye tiba tayari mkononi.

Kwa hiyo kijitabu cha afya cha Kiswahili kianze na swali ambalo muuguzi anaweza kulisoma kama lilivyo: "Mama, mtoto anacheua au anatapika?" Kisha lifuatwe na maswali ya kupima jibu: maziwa yanachuruzika au yanaruka? Ni meupe au ya kijani? Baada ya hapo mtoto ananyonya na kucheza, au amelegea? Mwisho ifunguliwe kadi ya kliniki. Mtoto wa miezi ya mwanzo anayeongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki anabakiza tumboni zaidi ya anachorudisha, na mstari wa uzito utaonyesha hivyo. Kwenye nafasi ya maelezo iandikwe: anacheua, anakua vizuri, aendelee kunyonya.