WALIOBAKI NA KAMBA



Leo nivumilie kidogo, maana ujumbe huu ni mrefu kuliko ule wa asubuhi niliozoea kukuandikia. Ni historia. Wengi wetu tukisikia neno umisheni tunamwona mtu mmoja mwenye begi na Biblia akipanda basi. Tunamwombea, tunampungia mkono, halafu tunarudi nyumbani kama watu waliomaliza kazi. Mimi leo nataka tuwaangalie hao waliorudi nyumbani.

Twende Uingereza, mji mdogo wa Kettering, tarehe 2 Oktoba 1792. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama mjane, ambaye mumewe Beeby Wallis alikuwa shemasi wa kanisa la pale, wameketi watu wapatao 14. Wengi ni wachungaji wa makanisa madogo ya Kibaptisti. Hakuna tajiri wa kutajwa, na mishahara yao ukiisikia utawaonea huruma. Siku hiyo wakaunda chama cha kupeleka Injili kwa mataifa, na kila mmoja akasema atatoa kiasi gani. Wakajumlisha: pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Na hizo zilikuwa ahadi, si pesa mkononi. Wewe uliyewahi kufuatilia kadi za ahadi baada ya harambee unaijua hiyo tofauti.

William Carey alikuwemo chumbani. Huyu alikuwa fundi viatu aliyejifundisha Kigiriki na Kiebrania huku akishona ngozi, na hata alipokuwa mchungaji aliendelea kushona na kufundisha shule ili watoto wale. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amehubiri Nottingham kutoka Isaya 54, ule mlango wa kupanua mahali pa hema. Jina lake halimo katika orodha ya walioahidi pesa siku ile. Hakuwa na kitu. Baadaye alijitoa mwenyewe.

Lakini mambo hayakuanzia chumbani kwa mama Wallis. Rudi nyuma miaka 8. Mwaka 1784 mchungaji John Sutcliff wa Olney aliwaomba wenzake watenge saa moja, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, makanisa yakutane kuombea uamsho na kuenea kwa Injili hadi pande za mbali za dunia. Hawakuwa na mmishonari wala mpango. Waliomba tu, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka 8, kabla hata peni moja haijaahidiwa. Sisi tukifunga siku 21 na jibu lisije tunaanza kuuliza kama kuna dhambi kanisani!

Sasa fikiria kanisa la Harvey Lane kule Leicester, ambalo Carey alikuwa mchungaji wake. Alikuwa amelikuta katika hali mbaya, lenye magomvi, akalinyoosha kwa machozi. Sasa linaanza kusimama, naye anawaambia, naondoka. Waliumia. Inasimuliwa kwamba mshirika mmoja aliwaambia wenzake: tumekuwa tukimwomba Mungu aeneze ufalme wake, na sasa anatudai sisi wenyewe sadaka. Wakamwachilia. Machi 1793 wakafanya ibada ya kuagana. Nakuambia kama mchungaji, kanisa kumtoa mtu anayewafaa ni kazi ngumu kuliko kutoa pesa. Antiokia walifanya hivyo hivyo katika Matendo 13. Roho hakuwaomba watu wa ziada, aliwaomba Barnaba na Sauli, walimu wao wenyewe.

Ile picha ya kamba inatokana na Andrew Fuller, mchungaji wa Kettering. Miaka ya baadaye alieleza kwamba siku zile walikuwa kama watu waliosimama kwenye mdomo wa shimo refu la machimbo ambalo hakuna aliyewahi kuliingia. Carey akawa kama anayesema, mimi nitashuka, ila ninyi shikeni kamba. Nao wakawa kama waliokula kiapo pale juu kwamba wakiwa hai hawataiachilia. Kama umewahi kuona watu wakichimba kisima kijijini, au vijana wa machimbo ya dhahabu kule Migori, huhitaji kuelezwa. Aliye chini hamwoni aliye juu. Anaijua tu ile kamba.

Huyu Fuller nataka tumkalie kidogo. Tarehe 23 Agosti 1792 mke wake Sarah alifariki. Wiki zake za mwisho akili yake ilikuwa imevurugika. Walikuwa pia wamezika watoto kadhaa. Mkutano wa kwa mama Wallis ulikuja wiki 6 tu baada ya maziko hayo. Mtu huyo mwenye kidonda kibichi ndiye aliyefanywa katibu wa chama, na akawa katibu mpaka alipofariki Mei 1815. Miaka 22 na zaidi, bila mshahara wa kazi hiyo, huku akichunga kanisa lake. Alisafiri Scotland mara 5 kukusanya pesa, kwa barabara za wakati ule. Alizunguka London mlango kwa mlango, na inasimuliwa kwamba kuna siku alijificha kwenye vichochoro akalia kwa sababu ya jinsi watumishi wenzake walivyompokea kwa ubaridi. Makanisa makubwa ya London mwanzoni yalijiweka kando. Usiku aliandika barua: za kumtia moyo Carey, za kuwashukuru watoaji, za kuwajibu wapinzani wa umisheni waliotaka wamishonari wafungiwe mlango wa India.

Ni kazi ya daftari na wino, wapendwa. Hakuna anayeandikiwa ushuhuda kwa sababu alijaza daftari vizuri, lakini bila daftari lile Carey angekufa njaa.

Na Samuel Pearce wa Birmingham? Alirudi kutoka Kettering, akawahubiria watu wake, wakatoa pauni 70. Kanisa moja! Zaidi ya mara 5 ya zile za chumbani. Pearce alitamani sana kwenda India mwenyewe. Mwaka 1794 aliwaomba wenzake wamtume. Wakakaa, wakaomba, wakamwambia hapana, unafaa zaidi hapa. Alikubali, akaendelea kuombea na kuchangisha, akafariki 1799 akiwa na miaka 33 bila kuiona India. Kuna mtu anasoma haya ambaye mlango wake wa kwenda ulifungwa, kwa afya, kwa mzazi mgonjwa, kwa ada ya watoto. Msome Pearce.

Sasa nifike mahali ambapo wahubiri wengi hupapita haraka. Carey alikuwa na mke, Dorothy. Hakutaka kwenda. Alikuwa mjamzito na hajawahi kwenda mbali na kwao. Carey alipanga kumwacha, akapanda meli na daktari John Thomas, wakashushwa kabla ya safari kwa sababu hawakuwa na kibali cha Kampuni ya East India, na Thomas alikuwa anadaiwa madeni. Wakamrudia Dorothy, akiwa na mtoto wa wiki chache, wakamsihi hadi akakubali, kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Juni 1793 wakasafiri kwa meli ya Denmark, Novemba wakafika Bengal.

Kule hali ilikuwa mbaya. Pesa ziliisha upesi, wakahamahama. Barua ya kwanza kutoka nyumbani ilichukua zaidi ya mwaka kuwafikia. Mwaka 1794 mtoto wao Peter, mwenye miaka 5, alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu, na baba yake akapata shida hata kupata mtu wa kumchimbia kaburi. Baada ya hapo akili ya Dorothy iliharibika na haikurudi. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 1807.

Na nyumbani? Carey alikuwa amepata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo, ili familia ile, akawaandikia kwamba hahitaji tena pesa zao. Wengine kwenye kamati badala ya kushukuru wakaandika kumwonya asije akageuka mfanyabiashara. Ilimuuma. Kwa hiyo usidhani walioshika kamba walikuwa malaika. Walishika, lakini mara nyingine waliivuta vibaya.

Mimi najiuliza, kamba ya Dorothy ilishikwa na nani? Ya Carey tunajua, ina majina na tarehe. Fuller aliyemzika Sarah katika hali ile alielewa maumivu ya nyumba kama hiyo kuliko mtu yeyote kati yao. Lakini chama kilikuwa kimejipanga kumtuma mwanamume mwenye wito. Mke alihesabiwa kama mzigo wa safari. Haya ni maoni yangu, na siyabadilishi: kanisa linalomtuma mtumishi bila kumuuliza mke wake analala vipi limetuma nusu ya mtu.

Niendelee. Miaka 7 ilipita bila Mhindi hata mmoja kubatizwa kwa kazi ya Carey. Miaka 7 ya ripoti zisizo na hesabu ya waliookoka. Ungekuwa kwenye kamati yetu ya umisheni, ungesema nini mwaka wa tatu? Wale walituma watu zaidi. Mwaka 1799 wakafika William Ward, mchapishaji, na Joshua Marshman, mwalimu, pamoja na mkewe Hannah, wakakaa Serampore chini ya utawala wa Denmark. Tarehe 28 Desemba 1800 Krishna Pal, fundi seremala, akabatizwa katika mto Hooghly. Mwaka uliofuata Agano Jipya la Kibengali likatoka kwenye mtambo wao.

Machi 1812 moto ukateketeza nyumba ya kuchapia. Karatasi, herufi za chuma, miswada ya tafsiri ya miaka mingi, vyote majivu. Habari zilipofika Uingereza makanisa yalichanga pauni 10,000 ndani ya takriban miezi 2. Waliochanga wakati huu walikuwa wengi, hata wasio Wabaptisti, mpaka ikabidi watangaze kwamba zinatosha. Ni mara ngapi umesikia tangazo hilo kanisani? Linganisha na zile pauni 13 za ahadi, miaka 20 nyuma.

Utauliza, haya yanatuhusu vipi Kenya? Baada ya Kettering, makanisa mengine ya Uingereza yaliunda vyama vyao. Mwaka 1799 Waanglikana wakaunda chama cha CMS, na ni CMS iliyomtegemeza Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye, Julai, mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki kwa homa, wakazikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa. Krapf akaendelea hadi Rabai. Nyuma yake walikuwepo watu wa Uingereza na Ujerumani ambao hawakujua Rabai iko wapi, na sarafu zao zilinunua karatasi alizoandikia Kiswahili. Majina yao hatuyajui. Na sisi ambao mababu zetu walipokea Injili iliyotoka mbali namna hiyo, bado tunazungumza kana kwamba umisheni ni kazi ya wazungu!

Paulo naye aliishi kwa kamba. Soma Wafilipi 4 kuanzia mstari wa 10 hadi wa 19, polepole. Anawakumbusha kwamba wakati fulani hakuna kanisa lingine lililoshirikiana naye ila wao, na kwamba walimtumia Thesalonike zaidi ya mara moja. Kisha tazama Epafrodito katika mlango wa 2. Kanisa halikutuma pesa peke yake, lilimtuma na mtu wa kuzipeleka na kumhudumia, naye akaugua karibu kufa. Tunapenda kunukuu ule mstari wa Mungu kututimizia kila tunachohitaji. Paulo aliwaandikia hayo watu waliokuwa wamekwisha kumtumia mtumishi wao mahitaji.

Sasa niongee na nyumba yetu. Mnajua tunao mume na mke huko kaskazini, ng'ambo ya Marsabit, na watoto wao wawili. Mwaka wa pili huu. Bado hakuna kanisa la kupiga picha, kuna familia tatu zinazokuja kusikiliza chini ya mti. Ahadi za umisheni tulizojaza mwezi wa kwanza zimeingia kwa wengine, kwa wengine bado, na mhazini hatamwaibisha mtu. Ukiwa na mia mbili, ni mia mbili. Peni 6 pia ziliandikwa kwenye ile orodha ya Kettering.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tutakutana kanisani saa kumi na mbili jioni, saa moja tu, tuwaombee kwa majina. Anayechelewa kazini aombe akiwa kwenye matatu. Vijana, tunahitaji wawili wenu wa kuandika barua na kupokea habari zao kila wiki, maana mimi peke yangu nasahau. Daktari na wauguzi mlioko hapa, mtoto wao mdogo amekuwa na homa za mara kwa mara, tuzungumze kabla ya Jumapili.

Na akina mama: mwenyekiti wenu ana namba ya simu ya mke wa mtumishi. Simu yake hushika jioni tu, akipanda kilimani na mtoto mgongoni. Asipigiwe na watu ishirini siku moja halafu mwezi mzima kimya. Pangeni zamu, na mkimpata msianze kwa kumuuliza huduma inaendeleaje. Mwacheni aongee.