Eyam: Kanisa Lililofunga Milango kwa Ajili ya Jirani

Katika safari hii tunayoiadhimisha, hakuna kipindi kilichotujaribu sisi wanakwaya kama kile kilichoanza Machi 2020, ibada za pamoja ziliposimamishwa nchini kwa sababu ya korona. Tuliulizana: kanisa likifungwa milango, je, bado ni kanisa? Zaidi ya miaka 350 iliyopita, waumini wa kijiji kimoja kidogo cha Uingereza walilijibu swali hilo kwa maisha yao. Ndiyo maana tumeiweka historia yao katika kijitabu hiki.

Kijiji hicho ni Eyam, katika vilima vya Derbyshire. Kanisa lake la Mtakatifu Lawrence lingali linatumika, na uani mwake umesimama msalaba wa mawe wenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1665, mshonaji wa hapo alipokea vitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua maelfu. Inaaminika kuwa vitambaa hivyo vilikuwa na viroboto waliobeba ugonjwa. Septemba, msaidizi wa mshonaji akafa. Majirani wakafuata.

Kasisi wakati huo alikuwa William Mompesson, kijana aliyekuwa mgeni kijijini. Mhudumu wa awali, Thomas Stanley, alikuwa ameondolewa kazini kwa kukataa Kitabu cha Sala kilichoamriwa mwaka 1662, na wako waumini waliomheshimu yeye zaidi. Hata hivyo, Juni 1666 wawili hao walisimama pamoja wakawaomba watu mambo matatu: kila familia izike wafu wake yenyewe, ibada zifanyiwe nje, na mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji, ili tauni isiwafikie jirani. Watu wakakubali.

Kanisa likafungwa. Ibada zikahamia kwenye bonde liitwalo Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Watu wa nje waliacha chakula kwenye mawe ya mpakani, nao wanakijiji wakalipa kwa sarafu zilizotiwa katika siki. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane. Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake mbali mapema, lakini mkewe Catherine hakukubali kumwacha. Alifariki Agosti 1666. Tauni ilipokoma Novemba, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Hadi leo, Jumapili ya mwisho ya Agosti, waumini hukusanyika tena bondeni kwa ibada ya ukumbusho.

Sisi hatukudaiwa gharama kubwa kama yao. Lakini tuliporudi kanisani Julai 2020, watu wasiozidi 100 na kwa saa moja tu, tulisimama tumeachana, barakoa usoni, tukiimba kwa sauti ya chini. Wapo tulioimba nao ambao hawakurudi tena. Siku zile wengine wetu tulinung'unika kwamba ushirika umevunjwa. Watu wa Eyam wanatufundisha kuwa kuna wakati ambapo kukaa mbali na mwenzako ndiko kumpenda. Leo tunaposimama tena bega kwa bega, sauti zote nne, tusiichukulie nafasi hii kuwa jambo la kawaida.